Lenzi ya maji matamu: kwa nini kisima cha Shela hakiponi kwa kuchimbwa zaidi

Lenzi ya maji matamu ni akiba ya maji ya mvua iliyojikusanya ndani ya mchanga au mawe ya kisiwa na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini yake. Si lazima pawe na mwamba wa kuyatenga. Kinachoyatenga ni uzito: lita moja ya maji ya mvua ina kilo 1, ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Mji wa Lamu unaishi kwa tofauti hiyo ndogo, maana maji yake ya mferejini hutoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela.

Kama jahazi lililosheheni, sehemu kubwa ya lenzi imezama. Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walifikia hesabu moja: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo mita 40 hivi chini ya usawa huo. Maji yakisimama kisimani sentimita 50 juu ya wastani wa bahari, mpaka wa munyu uko kama mita 20 chini. Sasa igeuze hesabu. Ukivuta hadi maji yakashuka sentimita 10 na yakabaki hapo, mpaka wa munyu utapanda taratibu kwa kama mita 4.

Hesabu hii haitoi ruhusa ya kuchimba mita 18. Mpaka wenyewe si mstari bali ni tabaka la mchanganyiko, ambalo laweza kuwa na unene wa mita kadhaa, kwa sababu bahari hupanda na kushuka kila siku na kuyakoroga. Maji ya kunywa huisha kabla ya namba ya kwenye karatasi. Wala hauhitajiki munyu mwingi kuyaharibu: maji ya bahari yana kloridi, sehemu kubwa ya chumvi yake, kama miligramu 19,000 kwa lita, na ulimi huanza kuionja ikizidi 250. Dumu la lita 20 huharibiwa na chini ya nusu lita ya bahari.

Penye pampu kali, mpaka haupandi sawasawa. Hujichonga mfano wa pia iliyopinduliwa, ncha ikielekea mdomo wa bomba. Hapo ndipo wengi hukosea: maji yakianza kuwa na munyu, bomba linashushwa zaidi, yaani linasogezwa kwenye munyu. Tiba ni kinyume chake. Punguza kasi, pandisha bomba, gawa uvutaji kwa visima vifupi vingi vilivyoachana, na uvute kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kukomba kwa saa mbili. Ndoo na kamba hazikuwa na elimu hii, lakini ziliitii.

Jaribio la pampu la saa 24 nalo hudanganya. Linaonyesha kisima kinatoa maji kiasi gani. Munyu waweza kufika wiki au miezi baadaye. Ukishaingia, kuutoa ni kazi ya mvua, na mvua husukuma polepole sana kuliko pampu ilivyovuta.

Mwanafunzi anayetaka kusomea jambo hili aanze na vipimo vichosho. Kwanza, kimo cha mdomo wa kila kisima kipimwe na mpima ardhi kwa wastani wa bahari. Kosa la sentimita 10 hapa ni kosa la mita 4 kule chini. Kisha upitishaji wa umeme, ambao huongezeka kadiri munyu unavyoongezeka: bahari huwa kama mikrosimensi 50,000 kwa sentimita, na maji yakizidi 1,500 hivi tayari wanywaji hulalamika. Teremsha kihisi mita baada ya mita, usipime ndoo iliyokwisha kutekwa, kwani ndoo haionyeshi tabaka moja moja. Andika saa na hali ya maji, bamvu au maji mafu, la sivyo utalinganisha kupwa na kujaa ukadhani umegundua mabadiliko. Mwaka mzima ndio kipimo cha chini: mwisho wa kaskazi, kabla ya masika, lenzi huwa imekonda.

Tena si kila munyu ni wa bahari. Katikati ya mji wa kale wa Lamu visima vimebanana na mashimo ya vyoo, na mkojo nao una kloridi. Pima nitreti, ikizidi miligramu 50 kwa lita, mshuku choo. Maabara ikiweza, ipime bromidi pia: katika bahari kloridi ni kama mara 290 ya bromidi kwa uzito, na maji ya vyoo huwa na uwiano mkubwa zaidi. Kupunguza pampu hakutatibu kisima cha namna hiyo.

Upande wa kuingiza maji ni mfupi kuuelezea. Mchanga mtupu hunywa mvua karibu yote, ndiyo maana vilima vya Shela vina thamani kuliko vinavyoonekana. Paa na saruji hupeleka mvua kwingine, na shimo la choo la nyumba iliyojengwa juu ya kilima humwaga uchafu moja kwa moja kwenye lenzi. Kuchota mchanga huondoa mfuniko uliokuwa ukiyachuja maji na kuyakinga na jua. Kwa anayeomba kibali cha kisima Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya, swali la kwanza liwe visima vya jirani viko wapi na vinavuta kiasi gani kwa siku, maana pia mbili za munyu zilizokaribiana huinuana.