Usahaulifu wa baada ya jeraha la kichwa: mgonjwa ameamka, kumbukumbu bado

Usahaulifu wa baada ya jeraha ni kipindi kinachofuata pigo la kichwa, ambacho mtu ameshafumbua macho, anaongea, anakula na pengine hata anatembea, lakini ubongo wake bado hauwezi kuhifadhi mambo yanayotokea ili ayakumbuke baadaye. Kipindi hiki huhesabiwa tangu saa ya ajali hadi kumbukumbu ya kila siku irudi mfululizo, pamoja na muda ambao mgonjwa alikuwa amezimia.

Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, ambako pikipiki ndiyo usafiri wa kila siku na njia nyingi za mitaa zimejaa mawe ya volkano, hali hii inaonekana katika familia nyingi ambazo hazijawahi kuelezwa jina lake. Chukua mfano wa motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, aliyeanguka na kugonga kichwa. Anaamka hospitalini, anamtambua mama yake, na ukoo mzima unamshukuru Mungu kwamba mtoto amepona. Punde anauliza, "Niko wapi?" Anajibiwa, anaitikia kwa kichwa, na baada ya dakika chache anauliza tena swali lile lile kana kwamba hajawahi kuliuliza. Akiulizwa ameshindaje, anasema alimpeleka mteja mtaa wa Birere, ingawa hajatoka kitandani tangu aletwe. Hapo jamaa huanza kunong'ona kwamba amerukwa na akili au anadanganya. Hadanganyi: ubongo unaziba pengo kwa vipande vya siku za zamani, naye mwenyewe anaamini anachosema.

Aliyeonyesha umuhimu wa kipindi hiki ni daktari wa neva wa Uingereza, Ritchie Russell, katika maandishi yake ya mwaka 1932. Aliona kwamba urefu wa usahaulifu unaeleza ukubwa wa jeraha, na mgawanyo uliotokana na kazi yake bado unatumika: chini ya saa 1 huhesabiwa kuwa jeraha dogo, saa 1 hadi 24 la wastani, siku 1 hadi 7 kubwa, na zaidi ya siku 7 kubwa sana. Mgonjwa anaweza kukumbuka tukio moja, kwa mfano ziara ya padri au mchungaji, kisha akapoteza saa zote zinazofuata. Kwa hiyo kumbukumbu moja peke yake haimaanishi kwamba kipindi kimekwisha. Kipimo cha Westmead, kilichotungwa Australia, kina maswali 12 yanayoulizwa kila siku, na kwa kawaida mgonjwa huhesabiwa kuwa ametoka katika hali hii akiyajibu yote sawasawa siku 3 mfululizo.

Si kumbukumbu zote zinazopotea. Mfaransa Théodule Ribot aliandika tangu mwaka 1881 kwamba mambo ya zamani hustahimili kuliko ya karibuni, ndiyo maana mzee aliyeumia anaweza kusimulia vizuri jinsi lava ya volkano ya Nyiragongo ilivyopita katikati ya mji Januari 2002, ilhali juma lililotangulia ajali limefutika. Kuna pia kumbukumbu ya mikono na mwili. Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 ili kutuliza kifafa, aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, pande zote mbili, akashindwa kuhifadhi matukio mapya hadi alipofariki mwaka 2008. Hata hivyo, mtafiti Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake katika kioo, aliendelea kuboreka siku hadi siku, ingawa kila siku alidhani ndiyo mara yake ya kwanza. Mtu anayesukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, asiyekumbuka mzigo wa asubuhi anaweza vivyo hivyo kuwa bado anajua kukisawazisha kwenye mteremko. Tofauti ni kwamba hali ya Molaison ilikuwa ya kudumu, na usahaulifu wa baada ya ajali mara nyingi hupungua.

Hapa ndipo naomba jamaa wabadilishe desturi moja. Wageni huzunguka kitanda, kila mmoja akiuliza, "Unanijua? Mimi ni nani?" Utafiti wa Alan Baddeley na Barbara Wilson wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mwenye kumbukumbu dhaifu hujifunza vizuri zaidi akizuiwa kukosea, kwa sababu jibu la kubahatisha lenyewe hubaki kichwani. Afadhali mgeni aseme: "Mimi ni mjomba wako, leo ni Jumatatu, uko hospitalini, ulianguka na pikipiki." Sauti ziwe chache, na tarehe iandikwe mahali anapoiona. Saa zenyewe za usahaulifu kwa kawaida hazitarudi, kwa kuwa hazikuhifadhiwa, hivyo kumshurutisha azikumbuke ni kumchosha bure.

Baada ya kipindi hicho, uchovu na uzito wa kufikiri huweza kubaki. Maendeleo huwa ya haraka zaidi katika miezi 6 ya kwanza, lakini huendelea baada ya hapo, na daftari la kila siku au kengele ya simu husaidia sana. Lakini ikiwa mgonjwa aliyekwisha kuamka anaanza kulala isivyo kawaida, kutapika mara kwa mara, kupatwa na degedege au kulalamika kwamba kichwa kinazidi kuuma, huo si usahaulifu wa kungojewa uishe, na anapaswa kurudishwa kwa daktari saa hiyo hiyo.