Skeli ya modeli ya ndege ya kivita: 1/72, 1/48 na 1/32 maana yake nini

Kwenye boksi lolote la modeli ya ndege utakuta namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju: 1/72, 1/48, 1/32, pengine 1/144. Hiyo ndiyo skeli. Inakuambia ndege halisi imepunguzwa mara ngapi, sawa na skeli ya ramani: sentimita moja ya modeli ya 1/72 ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Namba ya chini ikikua, modeli inapungua. Wanaoanza hujikwaa papo hapo. Wanaagiza 1/144 wakidhani ndiyo kubwa kuliko zote, kisha wanapokea kitu kinachoenea kiganjani.

Hesabu yake haina ugumu. Chukua urefu wa ndege kwa sentimita, ugawe kwa namba ya chini. F-16C ina urefu wa mita 15 hivi, kwa hiyo kwa 1/144 inakuwa na sentimita 10 na kitu, kwa 1/72 sentimita 21, kwa 1/48 sentimita 31, na kwa 1/32 sentimita 47. Sasa fanya hivyo kwa Su-27, yenye karibu mita 22: kwa 1/72 unapata sentimita 30, kwa 1/48 sentimita 46, na kwa 1/32 sentimita 68, ambazo rafu nyingi za vitabu hazina pa kuziweka. Tazama vizuri namba hizo. Su-27 ya skeli ndogo inakaribia kulingana na F-16 ya skeli inayofuata. Ndiyo maana swali la “ninunue skeli gani” halijibiki mpaka useme ni ndege ipi. Gripen ya 1/48 haifiki sentimita 30, na meza ndogo inaitosha. F-15E ya skeli hiyohiyo inafika sentimita 40, na mabawa yake yanachukua 27 kwa upana.

Urefu peke yake lakini hudanganya. Ukitoka 1/72 kwenda 1/48, urefu unaongezeka mara moja na nusu tu, ila eneo la kupaka rangi linaongezeka mara mbili na robo, na ujazo zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo rangi itakayotumika ni zaidi ya maradufu, na kazi ya msasa vilevile. Jeti za kisasa nyingi ni za kijivu juu na chini, na kijivu kilichotandazwa kwenye bawa pana huonyesha kila alama ya brashi. Asiye na kifaa cha kupulizia rangi atalipata hilo mapema sana kwenye 1/32.

Namba zenyewe zinaonekana za ajabu kwa aliyezoea mita. Kwa nini 72, isiwe 70 au 75? Ni kwa sababu zimezaliwa katika futi na inchi. Kwa 1/72, inchi moja inasimama badala ya futi sita. Kwa 1/48, robo inchi ni futi moja. Kwa 1/32, futi moja ni sehemu tatu kati ya nane za inchi. Uingereza ndiko 1/72 ilikoshika mizizi katika miaka ya 1930. Mwaka 1936 kampuni ya Frog ilitoa mfululizo wa Penguin, ndege za skeli hiyo zilizotengenezwa kwa plastiki ya selulosi. Vita vya Pili vya Dunia vikaiimarisha zaidi: mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli za mbao za 1/72 kwa mamia ya maelfu, ili askari wajifunze kutambua ndege za rafiki na za adui kwa umbo lake. Leo watengenezaji wa Japani, China na Ucheki, nchi zinazopima kwa mita, bado wanafuata namba hizo za futi. Ukitaka kukusanya ndege nyingi za aina mbalimbali, 1/72 ndiyo yenye wigo mpana kuliko zote, na sababu kubwa ni kwamba ilitangulia.

Skeli ndiyo inayoamua pia jicho litaona nini. Rubani wa mita 1.75 anakuwa na milimita 24 kwa 1/72, milimita 36 kwa 1/48 na milimita 55 kwa 1/32. Ukishajua hivyo unajua mengine yote ya chumba chake. Kwa 1/72, saa na skrini za rubani mara nyingi ni picha tu ya kubandika, na inatosha. Kwa 1/48, swichi zinaanza kuwa na umbo lake na kiti cha kufyatukia, kinachomrusha rubani nje wakati wa hatari, kinaweza kuwa na vipande vitano au sita. Kwa 1/32, mikanda ya kiti isipokuwepo, pengo linaonekana. Hapa aina ya ndege inaingia tena: kioo cha F-16 ni kiputo kikubwa kisicho na fremu mbele, kila kitu kiko wazi, ilhali kioo cha F-22 kina wekundu wa dhahabu unaoficha nusu ya kazi uliyokesha ukiifanya. Mimi nisingetumia fedha ya ziada kwenye chumba cha rubani cha F-22 ambayo kioo chake kitafungwa.

Kuna kitu kingine ambacho skeli haiwezi kukwepa, na wauzaji hawakitangazi: plastiki haipungui unene kwa kadiri ya namba kwenye boksi. Angalia mistari inayotenganisha mabamba ya ndege. Mstari uliochimbwa kwa upana wa milimita 0.15 kwenye modeli ya 1/72, ukiukuza mara 72, unakuwa ufa wa karibu milimita 11. Hakuna jeshi la anga litakalorusha ndege yenye nyufa za upana wa kidole. Mstari huohuo kwenye 1/48 ni milimita 7, na kwenye 1/32 ni karibu 5. Bado ni mpana mno, ila jicho linaanza kusamehe. Ukingo wa nyuma wa bawa ni vilevile: nusu milimita ya plastiki kwa 1/72 ni sawa na sentimita 3.6 za ndege, wakati ukingo halisi ni mwembamba sana.

Kwa jeti zinazojificha dhidi ya rada, tatizo hili limegeuka kuwa mabishano ya kudumu. F-35 ina mapambo yasiyo mapambo: kanda za rangi tofauti zinazofuata viungo vya mabamba, sehemu ya ngozi yake ya kumeza mawimbi ya rada. Kwenye ndege yenyewe huzihisi kwa kugusa kama unavyoziona kwa macho. Watengenezaji wengine wamezinyanyua juu ya plastiki, maana ukanda ulionyanyuka ni rahisi kuufuata kwa brashi. Zinyanyue kwa milimita 0.2 kwenye 1/72 na umeipa ndege matuta ya zaidi ya sentimita moja. Ninayeandika haya niko upande wa wanaotaka kanda hizo ziwe hafifu, hata kama kazi ya kuziziba kwa utepe kabla ya kupulizia rangi itaongezeka. Mwenye haraka atapenda zilizonyanyuka, na si kosa lake.

Jambo ambalo skeli haisemi kabisa ni ubora. Watu wengi hudhani 1/32 ni ya mafundi na 1/72 ni ya watoto. Ugumu hutokana na idadi ya vipande na jinsi vinavyokaa, na hayo hutokana na kalibu, yaani umbo la chuma ambamo plastiki ilimiminwa, na umri wake. Kalibu ni ghali kuichonga, kwa hiyo mwenye nayo huitumia kwa miongo mingi, huikodisha kwa kampuni nyingine, na plastiki ileile hurudi sokoni katika boksi jipya lenye picha mpya na mwaka mpya pembeni. Mwaka ulioandikwa kwenye boksi unaweza kuwa wa picha tu. Kampuni za modeli za Revell na Monogram ziliungana mwaka 1986, na kalibu za Monogram zimeendelea kuonekana ndani ya maboksi ya Revell. Tovuti ya Scalemates huonyesha nasaba ya kila seti, yaani boksi la vipande vya modeli moja, kutoka kalibu ya kwanza hadi boksi la mwisho. Ipitie kabla ya kulipa. Dalili ya haraka ya uzee ni mistari ya mabamba iliyonyanyuka badala ya kuchimbwa, kwa sababu ukipiga msasa kwenye kiungo cha kiwiliwili, mistari ya namna hiyo inafutika na haina namna rahisi ya kuirudisha.

Jeti za kisasa zina uzee wa aina yake pia. Seti nyingine ilichongwa ndege ikiwa bado siri, au ikiwa bado ya majaribio. Mfano maarufu kuliko yote ni F-19 ya kampuni ya Testors ya mwaka 1986, ndege ya kujificha dhidi ya rada yenye mikunjo laini, iliyobuniwa kwa kukisia na kuuzwa sana. Mwaka 1988 Marekani ilipoionyesha F-117 hadharani, ilikuwa na pembe tupu kama jiwe la kukatwa, na ndege iitwayo F-19 haikuwahi kuwepo. Siku hizi hakuna makisio makubwa namna hiyo, lakini YF-22 iliyoruka mwaka 1990 haifanani na F-22 iliyoingia kazini: mabawa, mikia na sehemu ya rubani vilibadilishwa. Ndivyo ilivyo kwa T-50 za majaribio ukizilinganisha na Su-57. Soma jina lililoandikwa, herufi kwa herufi.

Herufi hizo zina uzito hata kwa ndege zisizo na siri. F-35A, B na C ni ndege tatu: B ina feni ya kunyanyulia nyuma ya rubani, C ina mabawa mapana zaidi kwa ajili ya kutua kwenye meli. F-16C za Block (yaani awamu ya utengenezaji) 40 na 50 zina injini ya General Electric na mdomo mpana wa kuvuta hewa; za Block 42 na 52 zina injini ya Pratt & Whitney na mdomo mwembamba zaidi, na hata sehemu ya nyuma ya kutolea moto ni ya umbo jingine. Ukitaka ndege ya nchi fulani, tafuta kwanza nchi hiyo inarusha toleo gani, halafu ndipo utafute boksi. Dekali, yaani alama za kubandika, za kikosi unachokipenda ukizibandika kwenye toleo lisilo lake, hakuna rangi itakayoficha mdomo.

Silaha nazo hufuata skeli. Kombora la AIM-120 lina urefu wa mita 3.66, yaani sentimita 5 kwa 1/72 na zaidi ya 7 kwa 1/48, hivyo huwezi kuazima makombora ya seti moja kwa ajili ya nyingine ya skeli tofauti. Kampuni ya Hasegawa ina desturi ya kuuza seti nyingi zikiwa na silaha chache, na silaha zenyewe katika boksi la peke yake. Liweke hilo kwenye hesabu mapema. Kinyume chake, baadhi ya seti za China huja na fremu (vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande kabla ya kukatwa) nzima za mabomu ambazo nusu yake hazitatumika, na mabaki hayo ni akiba nzuri kwa ndege ijayo ya skeli hiyohiyo.

Kwa anayenunua jeti yake ya kwanza, mimi ningemwelekeza kwenye yenye injini moja, F-16 au Gripen, kwa 1/48 na ya kalibu ya karibuni. Aangalie picha za fremu kabla: njia ya hewa iendayo kwenye injini ikiwa imegawanywa vipande viwili vya kushoto na kulia, kiungo kitapita katikati ya shimo refu lisilofikika kwa msasa, na seti zilizolitatua tatizo hilo huwa zinajisifu kwalo. Kwa ndege ndefu zenye injini mbili, Su-27, F-15 au F-14, 1/72 ya kisasa inatosha kwa macho na kwa rafu. Anayetaka kuziweka zote pamoja ashike skeli moja tangu mwanzo, hata kama ni 1/144, maana ni hapo tu Gripen inapokaa ubavuni mwa Su-27 na tofauti ya karibu mita nane ikaonekana bila maelezo. Na anapopima rafu, aongeze kijiti cha puani kinachopima kasi ya hewa, ambacho katika ndege nyingine hutokeza mbele ya pua na ndicho kipande cha kwanza kuvunjika.