Kituo cha umeme wa maji cha Hale: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mitambo ya umeme inamaliza maji ya mto Pangani."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inagombanisha watu wa bonde moja. Kufua umeme hakuli maji. Yanashuka kwa kasi, yanasukuma mapanga ya turbaini, yaani gurudumu linalozungusha jenereta, kisha yanarudi mtoni. Maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya megawati 8. Yanateremka hadi Hale, wilayani Korogwe, kwenye kituo cha megawati 21 kilichoanza kazi mwaka 1964. Chini kidogo yanaingia kituo cha New Pangani Falls, megawati 68, ndipo yaelekee baharini. Maji yale yale yamefanya kazi mara tatu. Yanayopotea kweli ni yale yanayogeuka mvuke bwawani Nyumba ya Mungu, palipo wazi na penye jua kali.

"Tanga tuko jirani na Hale, hatustahili kukatiwa umeme."

Umeme wa Hale unaingia gridi ya Taifa kama wa vituo vingine. Mara nyingi mtaa unakosa umeme kwa nguzo iliyoanguka au transfoma iliyoungua, huku mitambo ikiendelea kuzunguka.

"Megawati 21 ni 21, mvua inyeshe isinyeshe."

Hapana, huo ni uwezo wa juu. Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikiporomoka mita 10, ina nguvu ya takribani kilowati 98, na sehemu yake hupotea kwenye mashine. Mto ukikauka, hata mtambo mpya utazalisha kidogo.

"Kimezeeka, kifungwe, Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115."

Sikubaliani kabisa. Kituo hakizeeki chote kwa pamoja. Zege na njia za maji, zikitunzwa, hudumu miongo mingi. Kinachochakaa mapema ni beringi, koili za jenereta, vidhibiti mwendo na mapanga, na vyote hivyo hubadilishwa. Isitoshe, umeme wa bwawa hilo, lililo mto Rufiji, ukisafirishwa hadi Tanga, sehemu yake hupotea njiani kwenye nyaya. Adui mkubwa wa mapanga ni mchanga unaokuja na maji na kuyasaga taratibu. Mchanga huo hauanzii Hale. Mwingi unatoka juu, kunakolimwa hadi ukingoni mwa mito, ilhali sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe.