"Alikuwa wa Kufunga Bendeji Tu"

Watoke Makorora au Pongwe, ndugu wa mgonjwa huniletea kauli ileile: "Nesi, mzee wetu halali, usiku anapiga kelele. Lakini vitani kwenyewe hakupigana, alikuwa wa kufunga bendeji tu." Kisha wanaeleza walivyompunga pepo, na mbuzi alivyochinjwa. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Tanga, na maneno haya yamenichosha.

Tabibu wa jeshi aliiona vita kwa karibu kuliko wengi. Mwenye bunduki anaweza kumaliza vita asiuone uso wa aliyempiga. Tabibu kazi yake ni nyuso hizo. Waliokuwa Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, tangu mwishoni mwa 1978 hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, leo ni wazee. Wakiletwa majeruhi watatu kwa mpigo, tabibu ndiye aliyeamua nani aanze. Yule aliyekata roho akisubiri zamu ndiye anayemjia usiku hadi leo. Na msishangae kwamba "alikuwa mzima miaka yote". Kwa wengine hali huzidi baada ya kustaafu, shughuli zinapopungua na kumbukumbu zikapata nafasi.

Anashtuka mlango ukibamizwa. Hapiti buchani. Msibani anatafuta kiti kinachotazama njia. Hicho ni kiwewe, jeraha la akili linaloachwa na mambo ya kutisha, na kinatibika: mazungumzo ya kitaalamu kwanza, na dawa za sonona kwa wanaozihitaji. Valiamu ya kununua dukani kila usiku, hapana. Gongo, hapana. Dua sina ugomvi nayo, ila ngoma ya kukesha kwa mtu asiyelala ndiyo inayonishinda kuielewa.

Akiweweseka msimtikise. Simameni upande wa miguuni, mwiteni jina lake, mwambieni yuko nyumbani. Kahawa baada ya alasiri aiache, hata wenzake wa barazani wakisema anaringa. Na wajukuu wakatazwe kumuuliza, "Babu, uliua wangapi?" Muulizeni alikuwa na nani huko, kisha mkae kimya asimulie akitaka.

Maneno mengine ninayoyasikia nayajibu kwa ufupi. Eti mzee alibeba bunduki, basi hakuwa tabibu. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamruhusu silaha ndogo ya kujilinda yeye na majeruhi wake. Basi.

Eti Tanga mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, nyuki ndio waliomfukuza Mwingereza. Nyuki walikuwepo, wakauma pande zote. Lakini watu wapatao 8,000 walioletwa na meli, wengi wao Wahindi, walishindwa na jeshi la Wajerumani la watu 1,000 hivi, lenye askari wengi Waafrika, kwa sababu ya mipango mibovu na bunduki za rashasha. Wanaopenda hadithi ya nyuki hawasimulii kwamba majeruhi walioachwa nyuma walitibiwa na Wajerumani hapahapa mjini. Tabibu haulizi sare.

Wapagazi wa vita hiyo je? "Hawakuwa wanajeshi, tuwaenzi kwa lipi?" Walibeba chakula, risasi na machela za majeruhi, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana.

Wala aliyepita vitani si lazima awe na mvi. Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania waliuawa Semuliki, Kongo, na wenzao walionusurika bado ni vijana. Kijana wa namna hiyo akinyamaza sana, au akianza kulewa, msingoje azeeke.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, maua yawekwe, sipingi. Ila kama mzee mnaye nyumbani, mleteni kliniki. Na aje mkewe, au yeyote anayelala karibu naye, maana ninyi wa mchana mnanieleza mliyosimuliwa tu.