Manyoya Yanaficha Mengi: Dhana Potofu Kuhusu Paka Wakubwa Wenye Manyoya Marefu

Mtu akiona picha ya paka aina ya Maine Coon amejilaza begani mwa mwenye nyumba kama shali, swali la kwanza huwa: anapatikana wapi? Swali la anahitaji nini huja baadaye, na mara nyingi paka anakuwa ameshafika nyumbani. Nimeishi na paka wa namna hii miaka mingi, na nawapenda sana. Kama kuna jambo moja ningetamani kila mtu alijue kabla ya kumchukua, ni hili: manyoya yanayotuvutia ndiyo hayohayo yanayotuficha hali ya paka. Yanaficha kukonda, yanaficha kidonda, yanaficha viroboto. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa paka hawa, kuingia ndani ni kupenyeza vidole mpaka viguse ngozi.

Ninaowazungumzia hasa ni wanne: Maine Coon wa Marekani, paka wa msituni wa Norwei, paka wa Siberia kutoka Urusi, na Ragdoll, aliyeanzishwa na Ann Baker huko California katika miaka ya 1960.

"Wana damu ya mnyama wa porini"

Hili nalipita haraka. Kwa sababu ya mkia mnene wenye pete, watu walisimuliana kwamba Maine Coon ni mtoto wa paka na rakuni, mnyama wa porini wa Amerika. Kibaolojia haiwezekani. Ni paka wa nyumbani, jamii moja na yule anayezurura uani kwa jirani. Mwaka 1895, katika maonyesho ya paka yaliyofanyika Madison Square Garden, New York, jike wa aina hii aliyeitwa Cosey alitwaa ushindi. Kwa hiyo usimwogope kama chui mdogo, wala usimwache nje usiku eti msitu ndio kwao.

"Mlishe sana ili awe mkubwa"

Dume wa Maine Coon kwa kawaida huwa na kilo 6 hadi 8, wengine wakazidi. Jike hucheza kwenye 4 hadi 6. Wale warefu wa kwenye picha, kama Barivel wa Italia aliyepimwa sentimita 120 kutoka pua hadi ncha ya mkia na kuingia rekodi za Guinness mwaka 2018, ni wachache mno. Tena, nusu ya ukubwa unaouona ni manyoya. Mloweshe maji uone anavyopungua.

Ukubwa wa mifupa umo kwenye damu aliyozaliwa nayo, na hauharakishwi kwa sahani iliyojaa. Paka wa kawaida huwa ameshamaliza kukua akifikisha mwaka mmoja au kupita kidogo. Hawa huendelea mpaka miaka 3, hata 5. Ukimshindilia chakula katika kipindi hicho unamwongezea mafuta, na uzito wote unaangukia nyonga. Maine Coon wana tabia ya kupata kasoro ya nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake, na unene huzidisha maumivu.

Usipime unene wake kwa macho. Weka viganja vyote viwili ubavuni na ubonyeze kidogo. Mbavu unapaswa kuzihisi chini ya tabaka jembamba. Ukizitafuta usizipate, amenenepa. Zikiwa kali mkononi kama waya, anakonda, na huenda ameanza kukonda miezi kadhaa iliyopita huku wageni wakimsifu kwa unene. Mzani wa nyumbani mara moja kwa mwezi unasema kweli ambayo jicho haliioni.

"Paka hujisafisha mwenyewe"

Hapa ndipo paka wengi wanapoteseka, na wanateseka kimya.

Manyoya ya wengi wao ni ya tabaka mbili. La nje ni refu na gumu kidogo. La ndani ni laini kama pamba. Yale ya ndani yakikatika hayadondoki chini, hunasa kwenye yale marefu. Pakiongezeka msuguano, yanasokotana. Ndiyo maana fundo huanzia makwapani, nyuma ya masikio, tumboni, nyuma ya mapaja na pale ukanda wa shingo unaposugua. Ulimi wa paka, pamoja na ustadi wake wote, haulifungui fundo lililokwisha kujikaza. Unalilowesha tu, nalo linazidi kukaza.

Niliwahi kuwa na shume mmoja mpole kupita kiasi. Siku moja akaacha kuruka kitandani, na ukimnyanyua analia. Nilidhani ni uzee umeingia. Jioni moja, amelala ubavu, nikapitisha vidole kwapani nikakutana na kitu kigumu, ukubwa wa kidole gumba, kimeshikana na ngozi kabisa. Kila aliponyoosha mguu wa mbele kilimvuta. Kwa juu, manyoya yalikuwa yanang'aa na nilikuwa nampiga brashi kila siku. Brashi ilikuwa inateleza juu juu tu.

Sikushika mkasi, nawe usishike. Ngozi ya paka ni nyembamba na inalegea; ukivuta fundo, ngozi huinuka nalo kama hema, na kwa kuwa huoni mpaka wake, unakata nyama. Wala usimwogeshe kwanza, maana maji hulikaza. Nilibana shina la fundo kwa vidole viwili ili mvuto usifike kwenye ngozi, kisha nikaanza kulichambua kwa ncha ya kitana kuanzia kwenye ncha za manyoya kurudi ndani, dakika chache, naacha, kesho tena. Lilimalizika siku ya tatu. Siku ya nne alikuwa kitandani. Fundo kubwa zaidi ya hilo, au lililotanda kama kitambaa kilichogandamana, mpeleke kwa daktari wa mifugo alinyoe kwa mashine, kwa sababu chini yake ngozi hukosa hewa na huweza kuwa na vidonda.

Unachohitaji ni kitana cha chuma chenye meno marefu yanayofika kwenye ngozi. Gawanya manyoya mstari kwa mstari, chana kutoka chini. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha wakati wa kawaida. Msimu wa kupukutisha manyoya, kila siku. Mzoeze tangu mdogo, dakika mbili tatu, uache kabla hajachoka. Ukisubiri akue ndipo umshike tumbo, utapambana.

Na kama paka aliyekuwa nadhifu ameanza kupata mafundo mgongoni karibu na mkia, usimlaumu uvivu. Mara nyingi viungo vinamuuma, au meno, au amenenepa hata hafiki huko. Fundo hapo ni ujumbe.

Kuna jambo la kutapika madonge ya manyoya nalo, ambalo watu wamelizoea kana kwamba ni desturi ya paka. Ulimi wake una vimiba vilivyopinda kuelekea kooni, kwa hiyo unyoya ukishanaswa hana namna ya kuutema, anaumeza. Mwingi hutoka na choo. Donge moja moja si la kutisha. Kutapika kila wiki, au kujaribu kutapika bila kutoa kitu huku amekataa chakula, hilo ni la daktari siku hiyohiyo, kwani donge linaweza kuziba utumbo.

"Anajisaidia nje ya sanduku kwa ukaidi"

Lipime kwanza sanduku lake la choo. Linapaswa kuwa na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, kuanzia pua hadi shina la mkia. Masanduku mengi yametengenezwa kwa paka wa kilo 4. Yule wa kilo 8 huweka miguu yote ndani na makalio yakabaki nje, kisha anagombezwa. Boksi kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, likikatwa upande mmoja kama mlango, linafaa kabisa. Manyoya ya nyuma ya mapaja yapunguzwe ili choo kisinase.

"Joto likizidi, mnyoe"

Nia ni njema. Lakini manyoya yaliyochanwa vizuri hukinga ngozi dhidi ya jua, na hewa hupita katikati yake. Paka hatoi jasho mwilini kama sisi. Hutoa kidogo tu kwenye nyayo, na zaidi hujipoza kwa kujilamba, mate yakikauka yanaondoka na joto. Ukimnyoa, ngozi inabaki wazi kuunguzwa. Anachohitaji ni kivuli, maji, sakafu ya kulalia iliyo baridi na tabaka la ndani lililochanwa. Paka anayehema mdomo wazi baada ya kukaa kwenye joto yuko hatarini, usingoje.

"Wa Siberia hawaleti mzio"

Kinachowasumbua watu wenye mzio si unyoya wenyewe. Kinachohusika zaidi ni protini iitwayo Fel d 1, iliyomo kwenye mate na kwenye tezi za ngozi. Paka akijilamba huipaka mwili mzima, ikikauka inapeperuka. Paka mmoja mmoja huitoa kidogo kuliko wenzake, lakini hakuna aina isiyoitoa kabisa. Kabla hujamchukua, kaa naye chumba kimoja saa kadhaa, urudi tena siku nyingine. Inaumiza sana kumrudisha paka aliyeshazoea sauti yako.

"Ragdoll hahisi maumivu"

Eti kwa sababu hulegea akibebwa. Anahisi kama paka mwingine yeyote. Upole wake unamaanisha ataumia bila kupiga kelele, kwa hiyo wewe ndiye wa kuwa macho.

"Ni mkubwa kama mbwa mdogo, dawa ya mbwa itamfaa"

Tafadhali, kamwe. Katika manyoya mazito viroboto hujificha vizuri, na mtu akivigundua huchukua dawa ya kupaka iliyobaki ya mbwa. Nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu. Mbwa huivumilia, paka humletea mitetemeko, degedege na kifo, awe wa kilo 3 au 9. Ini la paka halina uwezo wa kuvunjavunja baadhi ya kemikali, na ukubwa haubadilishi hilo. Parasetamoli ni vivyo hivyo: kidonge kimoja kinaweza kumuua.

"Ana cheti cha vinasaba, moyo wake ni salama"

Dhana hii inaonekana ya kitaalamu, ndiyo maana inawapata hata watu makini. Upo ugonjwa ambao kuta za moyo hunenepa mpaka nafasi ya damu inapungua. Mwaka 2005 watafiti walitambua badiliko katika jeni la MYBPC3 linalohusika kwa Maine Coon, na mwaka 2007 likapatikana jingine, kwenye jeni hilohilo, kwa Ragdoll. Kipimo chake kina maana, nami singenunua mtoto wa paka ambaye wazazi wake hawakupimwa. Lakini cheti kinasema badiliko lile moja halipo. Paka wenye majibu safi wameugua pia. Kinachoonyesha moyo wenyewe ni picha ya ultrasaundi, na kwa kuwa ugonjwa hujitokeza kadiri umri unavyosogea, picha ya utotoni haitoshi. Muulize muuzaji: wazazi walipigwa picha ya moyo lini, wakiwa na umri gani? Akikasirika kwa swali hilo, ondoka.

Wengi huugua bila dalili yoyote ya kuonekana. Kwa wengine dalili ya kwanza ni bonge la damu kuziba mshipa unaoelekea miguu ya nyuma: paka anapiga ukelele, miguu inalegea na kuwa baridi. Hapo kila dakika ina thamani.

Lipo jambo dogo ambalo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani. Paka akiwa amelala fofofo, si anapokoroma kwa raha ya kupapaswa, tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa manyoya yale huenda usione kitu, basi weka kiganja taratibu bila kumwamsha. Hesabu kwa dakika moja, uandike. Ikizidi 30, rudia baada ya muda akiwa bado amelala. Ikibaki juu, mpigie daktari siku hiyohiyo. Wangu wa sasa ana miaka 7. Jana usiku alikuwa na 19.