Mgonjwa Aliyeacha Kuja Kliniki Anahesabiwaje?

Fungua rejista ya kliniki ya dawa za kufubaza VVU katika jiji lolote la Afrika Mashariki. Kila mstari ni mtu: namba, umri, uzito, tarehe ya kuanza dawa, tarehe za kurudi. Ipo mistari iliyojaa tarehe mpaka ukingoni mwa ukurasa. Mingine inakatika katikati ya mwaka, na pembeni kalamu ya muuguzi imeandika neno moja: mtoro.

Kwetu sisi watakwimu wa afya, neno hilo lina shida kuliko kanuni yoyote ya hesabu. Mtoro ni nani hasa? Huenda amehama mtaa na anachukua dawa kituo kingine. Huenda amechoshwa na dawa. Na huenda ndugu zake walimpandisha basi akauguzwe kijijini, akazikwa hukohuko. Wafiwa wana mengi ya kushughulikia. Ni wachache watakaokumbuka kuipigia simu kliniki ya mjini.

Njia inayotumika sana kukadiria uhai wa wagonjwa ilichapishwa na Edward Kaplan na Paul Meier mwaka 1958. Inamhesabu mgonjwa mpaka siku alipoonekana mara ya mwisho, kisha inamtoa, ikichukulia kwamba yaliyompata baadaye ni sawa na ya wenzake waliobaki. Modeli ya David Cox ya mwaka 1972, inayopima jinsi umri au kinga ya mwili inavyobadili hatari ya kifo, imeegemea dhana hiyohiyo. Kwa mtu aliyehama nyumba, dhana hiyo haina neno. Kwa aliyeacha kuja kwa sababu hawezi tena kusimama, inapotosha.

Tuhesabu kwa namba za mfano. Wagonjwa 1,000 wameanza dawa. Baada ya mwaka, 760 bado wanakuja, 40 inajulikana wamefariki, na 200 hawajulikani walipo. Ukiwaweka watoro kando, waliofariki ni 40 kati ya 800, yaani asilimia 5. Taarifa inapendeza, kikao kinapiga makofi.

Sasa wachague watoro 50 kwa bahati nasibu, uwatafute kwelikweli. Kazi hii haifanywi kwenye kompyuta. Inafanywa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye namba ya simu isiyopatikana na maelekezo yaliyoandikwa nyuma ya kadi: “karibu na mashine ya kusaga, geti jeusi.” Geti limeshapakwa rangi nyingine. Anauliza kwa mpangaji, kwa mwenye nyumba, kwa muuza genge, tena bila kutoboa siri ya ugonjwa wa anayemtafuta. Tuseme wote 50 wanapatikana: 25 wanatibiwa kwingine, 10 wameacha dawa lakini wako hai, 15 wamefariki. Kila mmoja wao anawakilisha watoro wanne, kwa hiyo vifo 15 vinasimama badala ya 60. Jumlisha na wale 40: ni 100 kati ya 1,000. Asilimia 5 imekuwa 10, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyebadilika. Kilichobadilika ni kwamba tumewatafuta.

Watafiti wa Mbarara nchini Uganda na Eldoret nchini Kenya walifanya kazi ya namna hii miaka ya 2000, na makadirio ya vifo yakapanda sana. Tangu hapo, nikiletewa kliniki yenye vifo vichache mno, swali langu la kwanza ni idadi ya watoro wake. (Hospitali ya rufaa ina tatizo la upande wa pili: inapokea waliozidiwa, kwa hiyo kuilinganisha na zahanati bila kuzingatia hali ya mgonjwa alipofika ni kuionea.)

Miji nayo ina watoro wake, watu ambao wastani unawameza. Mwaka 2000, Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika (APHRC) kilipopima makazi duni ya Nairobi peke yake, kilikuta watoto 151 kati ya kila 1,000 wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali wastani uliokuwa ukitajwa kwa Nairobi nzima ulikuwa 62. Kuanzia 2002 kituo hicho kikawa kinafuatilia kaya za Korogocho na Viwandani, nyumba kwa nyumba, kikiandika anayezaliwa, anayehamia, anayehama na anayefariki. Kifo kikitokea nje ya hospitali, ndugu huulizwa: homa ilichukua siku ngapi, kikohozi kilikuwepo, miguu ilivimba? Majibu yao ndiyo madaktari, au modeli ya kompyuta inayopima uwezekano wa kila chanzo, hutumia kukadiria chanzo cha kifo.

Kwa hiyo ukihama, omba barua ya uhamisho ili kituo cha zamani kijue ulikokwenda. Na ukiulizwa habari za ndugu aliyekuwa akitibiwa mjini, hakikisha kwanza anayeuliza ni nani, kisha mjibu kama ilivyo. “Tulimzika mwezi wa tatu” na “yupo kwa dada yake, anaendelea na dawa” yana uzito sawa kwenye hesabu yetu: katika mfano wa hapo juu, kila jibu ni watu wanne.