Bluu iliyokolea si ushahidi wa usafi

Loweka unga wa spirulina, ndugu wa vijimea vinavyowalisha heroe wa Ziwa Bogoria, na baada ya saa kadhaa maji yatageuka bluu. Hiyo ni fikosianini, protini inayonasa mwanga. Wengi hudhani bluu ikikolea ndivyo ilivyo safi. Sivyo. Ukali wa rangi unaonyesha wingi tu; protini nyingine zilizochanganyika humo nyingi hazina rangi, jicho halizioni.

Kwa hiyo maabara hupima mara mbili: kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 620, ambako fikosianini hunyonya mwanga sana, na 280, ambako karibu protini zote hunyonya. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Uwiano wa 0.7 unatosha kwa chakula. Kwa uchambuzi wa maabara hutakiwa 4 au zaidi. Ukizimua kwa maji bluu inafifia, uwiano haubadiliki. (Chuja au zungusha kwenye mashine kwanza, chembe zinazoyafanya maji yawe na ukungu hudanganya kipimo.)

Usafishaji wenyewe, kwa amonia salfeti (chumvi inayotenga protini zizame) kisha kromatografia (kupitisha mchanganyiko kwenye safu inayotenganisha vilivyomo), hupoteza rangi kila hatua. Chupa iliyopauka yaweza kuwa safi kuliko ile ya bluu nzito.